Moyo Nao Hufundishwa



Mtoto aingiapo darasa la kwanza hajui kushika kalamu. Twamshika mkono, twamwonyesha mstari wa kusimama na mstari wa kulala, na baada ya miezi michache aandika jina lake. Hakuna mzazi anayeshangaa kwamba kazi hiyo yataka mwalimu na zoezi la kila siku. Lakini juu ya hasira, huzuni, woga na wivu twasema namna nyingine kabisa: “Ndivyo alivyozaliwa,” au, “Hasira hiyo ni ya ukoo wa baba yake.” Kana kwamba moyo peke yake, katika vyote Mungu alivyompa mtu, hauwezi kwenda shule! Nami nasema kwamba furaha ya nyumba nyingi imepotea kwa sababu hii tu, kwamba hakuna aliyefundishwa somo hili.

Kwanza tuondoe kosa moja lililoenea sana. Wakristu wengi wadhani kwamba mwongofu wa kweli hasikii hasira tena, wala hofu, wala huzuni. Basi mtu akiisikia hasira aificha, aenda Misa na uso mtulivu, na siku ya tatu ampiga mtoto kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Je, ni sahani? Hapana. Mtoto yule amelipa deni la mtu mwingine: labda jirani aliyesogeza mpaka wa shamba, labda tajiri aliyechelewesha mshahara. Kanisa halikutufundisha kuficha hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alihesabu miendo ya moyo 11: upendo na chuki, tamaa na karaha, furaha na huzuni, tumaini na kukata tamaa, woga na ujasiri, na mwisho hasira. Akafundisha kwamba miendo hiyo, kwa yenyewe, si mizuri wala si mibaya. Yawa mizuri au mibaya kadiri akili na utashi wa mtu zinavyoiongoza.

Mtazameni Bwana wetu mwenyewe. Alilia penye kaburi la Lazaro. Katika Evanjili ya Marko twasoma kwamba aliwatazama kwa hasira wale waliomvizia, waone kama atamponya siku ya Sabato mtu mwenye mkono uliopooza. Na usiku ule wa Getsemani aliwaambia wazi wanafunzi watatu kwamba roho yake imejaa huzuni, akawaomba wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu hakuona haya kuitaja huzuni yake kwa jina, mbele ya rafiki zake. Sisi tumepata wapi haya hiyo?

Hapo ndipo somo linapoanza: kutaja. Kumbukeni habari za Kaini. Kabla hajamwua ndugu yake, Mungu alimwuliza sababu ya hasira yake na ya uso wake uliokunjamana. Akamwonya pia kwamba dhambi yamvizia mlangoni, naye yampasa kuishinda. Kitabu cha Mwanzo hakituambii kwamba Kaini alijibu neno. Alinyamaza mbele ya Mungu, akaenda kusema na Abeli, wakafika shambani. Sasa mlinganisheni na Yona. Yeye naye alikasirika, tena kwa sababu ndogo, yaani kwa kuwa mmea uliompa kivuli ulinyauka. Mungu alimwuliza vilevile. Yona akajibu, tena kwa ukali, kwamba anayo haki ya kukasirika hata kufa. Jibu baya, mtasema. Lakini alijibu, na kitabu chake chaisha Mungu angali akisema naye. Mimi naona tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kuliko tunavyofikiri.

Tena neno “nimekasirika” ni kama gunia. Ndani yake mna vitu vingi. Mama amngoja binti yake aliyekwenda kuteka maji. Jua lachwa, njia si salama, binti hafiki. Akitokea hatimaye, mama ampiga. Ukimwuliza atasema ana hasira. Si hasira, ni woga, na woga ule ni mtoto wa upendo. Kama angejua jina lake, angalimwambia binti, “Niliogopa sana,” wakalia pamoja, na binti angalijua kwamba apendwa. Sasa binti ajua fimbo tu. Vivyo hivyo mume arudiye nyumbani akigombeza kila mtu, mara nyingi moyoni mwake mna aibu, kwa kuwa ametafuta kazi kutwa asipate.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2007 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na woga, huku wakitazama kwa mitambo mwendo wa ubongo. Waliona kwamba mtu achaguapo neno la kuutaja mwendo wa moyo ulio usoni pale, ile sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari yatulia kidogo. Mwenye kuungama vema hatashangaa sana. Padri hakubali useme tu, “Nimekosa”, ataka utaje.

Katika nchi yetu somo hili si la anasa. Tumeona vita tangu miaka ya 1990, na watoto wetu wamebeba mioyoni mambo yasiyo na jina. Darasani mwangu aliketi mvulana aliyekimbia kijiji chao pamoja na nyanya yake. Hakusema, ila aliwapiga wenzake karibu kila siku. Baadhi ya watu walishauri afukuzwe. Sisi tulianza desturi: kila asubuhi, baada ya sala, kila mtoto ataje kwa neno moja hali ya moyo wake. Majuma mengi yeye alisema, “Hakuna.” Asubuhi moja akasema, “Kelele.” Nikamwita wakati wa mapumziko, nikajua kwamba mlango wetu wa bati, upepo unapoupiga, humkumbusha risasi. Tukaweka jiwe la kuuzuia mlango. Hakugeuka malaika siku ile, lakini mkono wake ulianza kutulia, na mwezi uliofuata nilimsikia akicheka.

Mtu mwingine alijifunza somo hili akiwa mgonjwa kitandani. Mwaka 1521, huko Pamplona katika Hispania, mzinga ulimvunja mguu askari mmoja jina lake Ignasi wa Loyola. Wakati wa kupona aliomba vitabu vya mashujaa wa vita; nyumbani vikapatikana tu maisha ya Kristu na ya watakatifu. Basi alilala akiwaza, mara sifa za vita na za mabibi wakubwa, mara kazi za watakatifu. Mawazo yote mawili yalimpendeza. Lakini baadaye aliona kwamba yale ya kwanza yalimwacha mkavu na mwenye uchungu, na yale ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Hakuwa na mwalimu hapo. Alitazama tu kile kilichobaki moyoni, kama mpishi aonjaye mchuzi. Kutoka hapo ikatoka kanuni yake mashuhuri: wakati wa giza la moyo, usibadili shauri ulilolikata wakati wa nuru. Ni wangapi wameuza shamba, au wamemfukuza mke, au wametuma kwa simu maneno ya matusi saa sita za usiku, ambao asubuhi wangalitoa mali nyingi ili kuyarudisha!

Na mwili pia usisahauliwe. Nabii Elia alipokimbilia jangwani na kumwomba Mungu afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha, akampa tena. Safari ya mlima Horebu ilikuja baadaye. Mtakatifu Tomaso naye, kati ya dawa za huzuni, aliandika machozi, huruma ya rafiki na kuitafakari kweli, halafu usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Mwalimu mkubwa kama yule hakuona kwamba maji ya moto ni jambo dogo mno kwa kitabu cha teolojia.

Pengine mmoja atauliza: “Katekista, je, neema ya sakramenti haitoshi?” Neema yatosha, lakini haifanyi kazi hewani. Yatenda ndani ya mtu huyu mwenye njaa, mwenye kiburi, mwenye usingizi. Mvua yanyesha juu ya shamba lililolimwa na juu ya shamba la magugu.

Mwingine atauliza jambo zito zaidi: je, mjane anayefukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu mumewe, naye twamwambia atulize moyo? Sivyo! Hasira yake yasema kweli: hapa haki imevunjwa. Kuiongoza si kuizima. Ni kuitia miguuni, imfikishe kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia, na mbele ya hakimu, badala ya kumla usiku. Wala tusimharakishe kusamehe. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe mwuaji wake saa ileile ya kufa, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Twamheshimu kwa haki. Lakini anayelitumia jina lake kama fimbo ya kuwanyamazisha wenye kuonewa hakumwelewa. Msamaha ni tunda. Yeye aombaye tunda juma la kupanda hajui kulima.

Basi juma hili fanyeni zoezi moja nyumbani. Jioni, chakula kikiisha, kabla ya sala, kila mmoja ataje mwendo mmoja uliougusa moyo wake mchana, na kilichousababisha. Ataje pia furaha moja, hata ndogo, kwa maana furaha isiyotajwa nayo yasahauliwa: sombe ilikuwa tamu, mtoto amepata alama nzuri, homa imeshuka. Asiwepo wa kucheka wala wa kuhukumu; mwenye kutaka kushauri angoje kesho. Baba na aanze, kwa maana watoto hawatasema ikiwa baba amenyamaza. Kisha salini Baba Yetu, mkalale.