Neno Juu ya Kuwarudisha Wafu Nyumbani

Neno tunaloliandika mwezi huu twajua halitapendwa na wengi. Twataka kusema juu ya desturi iliyokwisha kuota mizizi katika sharika zetu za Konde, na katika nchi yetu yote, na kwa jirani zetu wa Kenya pia: yaani mtu akifa mbali, Dar es Salaam au Mwanza au Tanga, hana budi kuchukuliwa mpaka kijiji alikozaliwa akazikwe huko, hata kama walio hai nyumbani mwake watalala na njaa kwa sababu hiyo. Mawazo yetu sisi ni haya: yafaa mtu azikwe mahali alipoishi, kati ya wale waliomtunza, na mali iliyosalia iwe ya mjane na watoto. Mwenye kukasirika na asome kwanza mpaka mwisho, ndipo akasirike.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Iko Msasani ya Dar es Salaam, kando ya bahari, na iko Msasani yetu hapa Tukuyu, penye mvua na baridi. Kati ya Msasani hizi mbili ni safari ya kilometa 900 hivi. Mtu wa kwetu amefanya kazi kule pwani miaka 20, ameoa, amepanga chumba, watoto wake wamebatizwa katika usharika wa kule. Akiugua, habari huja kwa simu, nasi huitikia, Mungu atamsaidia. Akilazwa, simu huja tena ikiomba fedha ya dawa. Hapo kila mtu ana ada ya shule ya kulipa, na chai yake bado haijapimwa. Lakini akifa, siku ile ile kikao hukaa. Mwenyekiti huchaguliwa na mweka hazina, daftari hufunguliwa, na fedha ambayo haikuwapo Jumanne yapatikana Alhamisi. Gari la maiti hukodiwa, na jeneza lenye kioo hununuliwa, na basi la wasindikizaji hujazwa mafuta. Sisi huku tumekwisha kufunga turubai na kuchimba kaburi, twangoja katika mvua, maana gari limechelewa mlima Kitonga.

Hatusemi kwamba watu hawa ni wanafiki. Tumefikiri sana juu ya jambo hili, maana tumeliona mara nyingi, na twaona sababu yake ni nyingine. Ugonjwa haujulikani siku yake ya mwisho. Aliyetoa leo ataombwa tena mwezi ujao, wala hakuna atakayesoma jina lake mbele ya watu. Mazishi yana siku moja, yana hesabu inayofungwa, na jina la mtoaji husomwa. Tena mgonjwa aweza kupona akasahau, bali msiba hausahauliwi. Asiyetoa leo ajua kwamba siku yake itakapofika, hata yeye hatapewa. Basi si kwamba twawapenda wafu kuliko wazima. Ni kwamba twaogopana sisi kwa sisi, nasi hofu hiyo twaiita heshima ya marehemu.

Twaijua nyumba moja, ambayo jina lake hatutalitaja. Mume alikufa mjini, akaletwa. Mjane alikuja katika basi pamoja na watoto watatu, akakaa mkekani siku zote za matanga, akila asipotaka kula. Watu waliporudi makwao, ukoo ukaketi kuhesabu, ikaonekana michango haikutosha kulipa gari. Deni likagawanywa, na fungu moja likamwangukia yeye. Alirudi mjini akauza cherehani yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha hata mumewe alipokuwa mgonjwa, na mtoto wa kwanza akaacha shule. Kaburi lile limejengewa vizuri, lina vigae vyeupe. Wapitao njiani hulisifu, husema ukoo ule unajua kuzika.

Wako wazee wa kanisa wanaotujibu kwa Maandiko. Husema: Je, Yakobo hakuwaapisha wanawe wasimzike Misri, akachukuliwa mpaka Kanaani, katika pango la Makpela? Na Yusufu hakuagiza juu ya mifupa yake? Ni kweli. Lakini na wasome vizuri. Aliyemchukua Yakobo alikuwa mkuu katika nyumba ya Farao, mwenye magari na wapanda farasi. Hakuna mjane aliyeuza cherehani. Nayo mifupa ya Yusufu ilingoja vizazi vingi, isiondoke mpaka siku taifa zima lilipokuwa likihama kwa miguu yake. Tena na wamkumbuke Raheli, mke ambaye Yakobo alimpenda kuliko wote. Alikufa njiani katika kuzaa, kabla hawajafika Efrathi. Pango la Makpela lilikuwako, wala halikuwa mbali mno; lakini Yakobo alimzika pale pale kando ya njia, akasimamisha nguzo, akaendelea na safari kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga wa kulisha. Wala katika kufa kwake Yakobo hakulala karibu na Raheli, bali alilala na Lea. Na Musa je? Kaburi lake halijulikani hata leo. Basi Maandiko hayakutufunga jambo hili, wala huku wala huku, na asiwepo mtu wa kumtisha mjane kwa jina la Yakobo.

Wengine hawaleti Maandiko, huleta mababu. Hapo twastaajabu zaidi. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, wakiuliza na kuandika, na kitabu cha bibi huyo kilichotoka mwaka 1951 chaeleza jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kitabu: kwamba Wanyakyusa hawakujenga vijiji kwa ukoo, bali kwa rika. Vijana wa umri mmoja walitoka nyumba za baba zao wakajenga pamoja, wakazeeka pamoja. Ukwangala, yaani furaha ya kukaa na kula na kuongea na wenzako, ndiyo iliyohesabiwa kuwa utu wenyewe. Jirani hakuwa mgeni aliyekodi chumba cha pili. Jirani ndiye aliyekuwa watu wako. Basi yule mtu wa Msasani ya pwani, aliyekaa na jirani zake miaka 20, wakamwogesha alipokuwa hawezi, hao ndio rika lake. Nasi twaja na gari usiku, twamwondoa mikononi mwao, twasema ndivyo walivyofanya mababu!

Tena mababu hawakuwa na gari. Vijana wetu waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, na wale waliovuka mipaka kutafuta kazi katika migodi ya kusini, waliokufa huko wengi walizikwa huko huko. Habari ilikuja baadaye, kwa barua au kwa kinywa cha mwenzake aliyerudi. Watu walilia bila mwili. Hakuna aliyesema kwamba kijana yule ametupwa. Desturi hii tunayoiita ya kale haina umri kuliko lori, na barabara ya lami, na chumba chenye baridi cha kuhifadhia maiti. Hata wale waliotuletea Injili walifanya hivyo hivyo. Georg Martin, mmoja wa Wamoravian wanne wa kwanza, alikufa mwaka 1891 asiufikie mlima Rungwe, akazikwa huku huku, wala kanisa la kwao halikuona kwamba limefedheheka. Na ndugu zetu Waislamu, mtu wao akifa asubuhi, mara nyingi jioni amekwisha kuzikwa, pale alipo, kwa sanda tu. Twawaona kila siku. Nani amethubutu kusema kwamba hawawaheshimu wafu wao?

Labda mtu atasema kwamba wakubwa huchukuliwa. Ndiyo, huchukuliwa. Mwalimu Nyerere alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama tarehe 23 ya mwezi ule. Ilikuwa haki ya taifa kumwaga, na serikali ndiyo iliyobeba gharama. Na Dakta Livingstone alipokufa kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake juani, wakauchukua kwa mabega mpaka Bagamoyo (ile ya pwani, si hii mtaa wetu wa Tukuyu), safari ya miezi tisa hivi. Kazi ile twaistaajabia. Lakini siku alipozikwa London, mwezi wa Aprili 1874, Chuma na Susi hawakuwako. Katika wote waliofanya safari ile, alikuwapo Jacob Wainwright peke yake. Heshima ya kaburi kubwa mara nyingi huwapita walioubeba mzigo. Mkulima wa ndizi afuataye mfano wa taifa zima katika kuzika ni kama mtu avaaye joho la mfalme kwenda kupalilia.

Mahali jambo hili liwezapo kufika, Kenya imetuonyesha. Wakili S. M. Otieno alikufa Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, aliyekuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong; ukoo wake wa Umira Kager wakamtaka azikwe Nyalgunga, katika Siaya. Wakaenda mahakamani. Walisikiliza mashahidi, wakakata rufani, na mwili ukangoja siku 154. Mwisho mahakama iliamua kwa sheria ya mila ya Kijaluo, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, mkewe asiwepo. Hatusemi nani alikuwa na haki katika shauri lile. Lina mambo mengi. Twasema hili tu: watu wawili wameishi pamoja na kulea watoto pamoja, na mmoja akifa huyu wa pili awa mgeni katika jambo la mwili wake. Jambo hili si la Kenya tu. Katika sharika zetu mjane haulizwi. Huambiwa saa ya kuondoka kwa basi.

Sasa iko hoja moja yenye nguvu, na haifai tuipite. Huku kwetu kaburi huwa shahidi wa shamba. Mtu aliyezikwa kati ya migomba ya baba yake, watoto wake waweza kusema, Baba yetu yupo pale, na hakuna atakayewafukuza kwa wepesi. Tumekutana na wajane ambao wenyewe ndio walioshindana ili mume aletwe, si kwa kuogopa wafu, bali kwa kuwawekea watoto wao mpaka. Hao hatuwalaumu, nasi hatuna jibu litakalowatosha wote. Lakini twauliza: kwa nini mtoto aonyeshwe shamba la babu yake siku ile tu, kati ya vilio, na watu wasiomjua hata jina? Nauli ya watoto watatu katika basi ni ndogo kuliko gari la maiti. Baba na awalete akiwa hai, wakati wa likizo, wapande mgomba kwa mikono yao, wajirani wawajue sura, na ukoo uandike mbele ya mashahidi fungu lao ni lipi. Kaburi lililoletwa lisipokuwa na maandishi, tumeona ndugu wakilima mpaka kingoni mwake.

Na liko la mama. Mama mzee wa hapa Msasani ataka kulishika jeneza kwa mkono wake, apajue mahali mwanawe alipolala. Hilo si jambo la hesabu, wala mchungaji asijaribu kulifanya la hesabu. Twaweza kukusanyika naye, tuimbe, tusome, tulie siku tatu bila mwili kama walivyolia mama wa vijana wa Lupa. Twaweza hata kumpa nauli aende akalione kaburi huko liliko, naye atarudi. Lakini tusimwambie kwamba ni kitu kile kile. Si kile kile.

Sisi wenyewe tumewaambia watu wa nyumbani mwetu, mbele ya wazee wawili wa kanisa, kwamba tukifa mbali tuzikwe huko huko, na fedha ya safari ilipe shule. Mke wetu amekubali. Mama yetu mzazi yu hai. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akaenda kuchochea moto, na mpaka leo hajajibu neno.