Maji Tahiri na Maji Salama

Mama mmoja alitujia darasani, mwanawe akiharisha siku ya tatu. Alikuwa ameambiwa achemshe maji ya kisima, naye akatuuliza: maji haya si tahiri? Mbona watu hutawadha kwayo tangu enzi za mababu?

Jibu tulilompa twalirejea hapa, kwani kosa si lake peke yake. Kweli, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yakitimia kulateni, nayo yakadiriwa lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Lakini hiyo ni hukumu ya udhu. Wanazuoni hawakusema kwamba kila kilicho tahiri hunywewa. Mchanga nao ni tahiri, na hakuna ampaye mwanawe mchanga akala. Katika miji yetu ya kale kisima na choo cha shimo mara nyingi vimo katika ua mmoja. Uchafu hupita chini kwa chini, na maji yakabaki meupe, matamu, yasiyo harufu, nayo yamebeba maradhi.

Twasikia pia kwamba choo cha mtoto mchanga si kitu. Kauli hii haina asili. Ruhusa iliyokuja ni ya mkojo wa mtoto mwanamume asiyekula ila maziwa, kwamba watosha kunyunyiziwa maji. Ama choo chake ni najisi kama chetu, na huambukiza kama chetu. Mtume wetu (s.a.w.) amemkataza aamkaye usingizini kutia mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwa kuwa hajui ulilala wapi. Sembuse amtawazaye mtoto kisha akashika mwiko wa uji pasi na sabuni, naye ajua vyema mkono ulikuwa wapi!

Lituumizalo zaidi ni kumnyima maji mtoto aharishaye, ati yatamzidisha. Kiuacho ni mwili kukaukiwa. Apewe ORS na vidonge vya zinki kutoka zahanati. ORS isipopatikana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazishwa, anyweshwe kidogo kidogo, wala asikatizwe ziwa. Macho yakizama, choo kikiwa na damu, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingojewe mpaka watu waseme matangani kuwa ni kudura. Chanjo ya rota nayo yatolewa nchini Kenya tangu 2014, na ya kwanza hupewa mtoto wa wiki 6.

Yule mama alikubali, ila alisema makaa ya kuchemshia hayamtoshi, wala sabuni haina fungu katika masurufu yake. Vyote viwili ni wajibu wa mume. Kwa hilo tulimwita mumewe baada ya Isha.