Mtoto na Mteremko

Mzazi ampendaye mtoto wake, je, yampasa kumshika mkono sikuzote asianguke?

Watoto wa Mudaka waujua utelezi wa udongo baada ya mvua. Katika nchi za baridi miteremko hufunikwa na theluji, kama ile ya kileleni Ruwenzori. Watu hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, wakateleza kushuka. Sabrina Simader alizaliwa Kenya mwaka 1998. Alipokuwa na miaka 3 alihamia Austria, na huko baba yake wa kambo akamfundisha mchezo huo. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, Korea ya Kusini.

Mwalimu mwenye busara humfanyia nini mtoto anayeanza? Humchagulia mteremko mdogo. Humfundisha kusimama kabla ya kwenda mbio: azikaribishe ncha za mbele za mbao, azitanue nyuma, mwendo upungue. Humfundisha pia kuanguka kwa ubavu na kuinuka mwenyewe. Kisha humwachilia.

Amwachaye mtoto juu ya mlima mkali amempuuza. Naye amshikaye sikuzote aituliza hofu yake mwenyewe, wala hamjengi mtoto; kwa maana siku yaja ambapo mzazi hatakuwapo. Upendo wa kweli hulifanya anguko liwe dogo, mtoto apate kuinuka na akili zaidi. Ndivyo afanyavyo mama ampaye binti yake mzigo mwepesi kwanza, naye akitembea nyuma yake njiani kwenda sokoni.