Geuza Nguo Ndani Nje



Katika Injili ya Yohana, sura ya 19, twasoma habari za askari waliogawana mavazi ya Bwana wetu chini ya msalaba. Walipoifikia kanzu yake wakasita kuichana, maana ilikuwa imefumwa nzima, bila mshono. Wakaona afadhali mmoja wao aipate yote. Bwana wetu hakuwa na nyumba wala sanduku la nguo, lakini kanzu yake ilikuwa kazi ya mikono hodari, hata watu wakatili waliona ni hasara kuiharibu. Basi umaskini si sababu ya kuvaa ovyo, wala unadhifu si dhambi.

Tulipotoka chuo cha ualimu mwaka 1982, Tanzania ilikuwa katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na hata doti moja ya kanga ilipangiwa foleni. Katika sanduku letu la bati zilikuwamo sketi mbili, moja ya buluu na moja ya kahawia, blauzi tatu nyeupe, gauni moja la Jumapili na doti mbili za kanga. Kwa nguo hizo tulifundisha miaka mitatu, na wazazi wa wanafunzi walidhani tuna kabati zima. Siri yake ni hesabu ya darasa la pili. Kila blauzi ilipatana na kila sketi, na mbili mara tatu ni sita: siku tano za kazi na moja ya akiba.

Mkufunzi wetu wa Sayansi Kimu alitufundisha jambo ambalo hatujalisahau. Alisema, kabla ya kuuliza bei, geuza nguo ndani nje. Nje ni mahali fundi anapojisifu. Ndani ndipo anaposema kweli. Tazama kama mishono ni midogo na iliyo sawa. Tazama kama fundi ameacha kitambaa cha akiba pembeni, ili nguo iweze kupanuliwa mwili ukinenepa. Tazama upana wa upindo, na kama vifungo vimekazwa. Kisha inyoshe kuelekea mwanga: ukiviona vidole vyako, nguo hiyo haitafika mwakani.

Mtatuambia ya kuwa siku hizi si siku za foleni. Ni kweli. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba imejaa masokoni, na robota likifunguliwa asubuhi twakimbilia kama wanaogawiwa bure. Lakini hatuna budi kupiga hesabu. Blauzi ya shilingi 8,000 ikivaliwa mara nne tu ikachuja, kila kuvaa kumegharimu shilingi 2,000. Blauzi ya shilingi 20,000 ikivaliwa kila Jumapili kwa miaka mitatu, yaani mara 156, kila kuvaa kumegharimu kama shilingi 128 tu. Ipi iliyo rahisi? Tena yafaa kujiuliza kila mara: je, nguo hii inapatana na mbili nilizo nazo nyumbani? Kama haipatani, itadai viatu vyake, na viatu vitadai mkoba.

Baada ya kununua yatupasa kutunza. Nguo za rangi zifuliwe peke yake, zianikwe kivulini zikiwa zimegeuzwa, na kifungo kilicholegea kikazwe jioni ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hayo yote twayajua na tumewafundisha wengi. Lakini tunalo la kuungama. Miaka michache iliyopita Askofu alikuja kutoa Kipaimara. Kamati ya maandalizi, nasi tukiwamo, ilichagua kitenge cha sare kwa wazazi wote. Tuliinua mkono kukubali kwa kuwa rangi ilitupendeza. Hatukuuliza ni nani atakayeshindwa kukinunua. Siku ile mtoto mmoja alipiga magoti mbele ya Askofu bila mzazi nyuma yake.

Jioni tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake alitupokea kwa heshima, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nilifika hadi mlangoni mwa kanisa. Nikaona wote wamevaa kitenge kile, nikarudi." Alikuwa amevaa gauni la pamba lililofifia kidogo, safi, limepigwa pasi. Kwapani palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa ustadi, hata tulikiona kwa sababu tu tulifundishwa kutazama mishono. Katika nguo zote tulizoziona siku ile, hiyo ndiyo ambayo mkufunzi wetu angeisifu. Nasi tulikuwa tumeifungia mlango.

Bwana alimwonya Samweli, alipokwenda nyumbani kwa Yese, asihukumu kwa sura na kimo, kwa maana Mungu hutazama moyo. Sisi tuliojua kugeuza nguo hatukuugeuza uamuzi wetu ili tuone ndani yake kuna nini. Ndani yake kulikuwa na majivuno.

Kwa hiyo twaleta ombi kwenu. Kipaimara kijacho kisiwe na sare ya wazazi. Kila mmoja aje na nguo yake iliyo safi. Na kwa ajili ya watoto, parishi yetu ishone magauni na kanzu nyeupe za pamba nzuri, zenye upindo mpana wa kushushwa na kupandishwa, zitunzwe katika sanduku la kanisa, na kila mtoto aazimwe, wa tajiri na wa maskini sawasawa. Cherehani yetu bado ni nzima, na Jumamosi tuko nyumbani.

Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hatusomi popote kwamba kuna aliyemwonyesha kabati la Dorkasi mwenyewe.

Bwana atuvike unyenyekevu, vazi lisilochakaa. Amina.