Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wazazi wema huwafundisha watoto wao kutoa. Huwaambia: mgawie mwenzako, mkaribishe mgeni, usile peke yako. Mafunzo hayo yafaa sana. Lakini ni wazazi wangapi wanaowafundisha watoto wao kupokea? Twadhani kila mtu azaliwa akijua kunyosha mkono, kwa hiyo jambo hili hatulitaji. Kumbe kupokea bila kujidharau, wala kujivuna, ni kazi ya moyo, na watu wazima wengi hawaiwezi.

Kazi hiyo yaonekana waziwazi katika maisha ya vijana wanaopelekwa ng’ambo kusoma kwa muda wa mwaka mmoja na kukaa katika nyumba za watu. Desturi hii si ya jana. Shirika la American Field Service, ambalo watu wake waliendesha magari ya majeruhi katika vita vikuu viwili vya dunia, lilianza mwaka 1947 kubadilishana wanafunzi wa sekondari kati ya nchi na nchi. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao Kennedy-Lugar, nao uliwafikia vijana wa Kenya na Tanzania. Katika mipango ya namna hii familia inayompokea mwanafunzi hailipwi mshahara kwa kumlisha na kumlaza. Hufanya hivyo kwa hiari yake.

Siku za shule, mambo huenda kwa ratiba. Kijana huamka, hupanda basi, hurudi jioni, hula, husoma, hulala. Hapana nafasi kubwa ya kujiuliza yeye ni nani katika nyumba ile. Swali hilo huja wakati wa likizo, hasa likizo fupi ya majira ya kuchipua, ambayo shule za Marekani huiweka aghalabu mwezi wa Machi au Aprili, kwa muda wa juma moja hivi. Basi haliji. Familia ina siku zake yenyewe, mipango yake na matumizi yake. Mgeni yumo katikati yao toka asubuhi hata usiku. Je, yeye ni mgeni bado, au ni mtoto wa nyumba?

Tumfikirie kijana wa miaka 17, mwana wa mkulima wa minazi katika pwani ya Tanga, aliyepangiwa nyumba moja ya shamba katika jimbo la Wisconsin. Likizo yakaribia. Baba wa nyumba asema mezani: “Tutasafiri siku nne kwenda kusini, kwenye joto na bahari. Nawe twende, gharama zote ni juu yetu.” Kijana ahesabu moyoni nauli, chumba na chakula, akumbuka posho yake ndogo ya mwezi, naye aona haya. Kesho yake asema kwamba ana kazi nyingi za shule, na tumbo lamsumbua. Heri wamwache kwa jirani. Mama wa nyumba anyamaza. Adhani kwamba kijana huyu, baada ya miezi saba, hawapendi.

Je, kijana amelinda heshima yake, au amekosa? Tusiharakishe kumlaumu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na yeye amekua akisikia hivyo. Nyumbani kwao mtu haendi kutembelea watu mikono mitupu. Huchukua japo nazi mbili. Tena twajua sote kwamba kuna kutoa kunakomdhalilisha anayepewa, na kuna watu wanaotoa ili wapate kusimulia walivyotoa. Maskini anayekataa kupewa kwa namna hiyo hana kosa. Kama familia ile ilitaka kumwonyesha kijana kwa marafiki zao kama pambo lililotoka mbali, alikuwa na haki ya kubaki nyuma.

Lakini haikuwa hivyo, na kijana alijua haikuwa hivyo. Walimwita kama wanavyowaita watoto wao wenyewe. Alichokikimbia yeye ni deni. Hapa mwanafalsafa Mrumi Seneca, aliyeandika vitabu saba juu ya fadhila katika karne ya kwanza, atufaa sana. Yeye alifundisha kwamba mtu mwenye haraka ya kurudisha fadhila ana moyo wa mdeni, hana moyo wa shukrani. Maana yake ni wazi. Asiyeweza kukaa na fadhila ya mtu mwingine moyoni mwake hata siku moja, ameifanya fadhila ile kuwa mkopo, na mfadhili wake kuwa mkopeshaji. Na anayeikataa kwa uongo, ili asije akadaiwa, amefanya zaidi: amemnyima mwenzake neno la kweli. Kama hakutaka kwenda, angaliweza kusema, “Mama, naona haya kwa sababu sina cha kuchangia.” Neno hilo lingaliwauma kidogo wote wawili, kisha lingaliwakaribisha.

Haya, lakini aibu yenyewe itaondokaje? Haitoshi kumwambia kijana asione haya. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alipambanua haki mbili. Kila mtu, asema, ana haki ya kufika katika nchi ya wengine asitendewe kama adui. Lakini kukaa kama mgeni wa nyumba kwahitaji mapatano ya hisani, yenye kumfanya mtu huyo kuwa mmoja wa nyumba kwa muda fulani. Tuyaangalie maneno hayo: mmoja wa nyumba. Mmoja wa nyumba halipi chakula chake, wala haoni haya kukila, kwa sababu ana sehemu yake katika kazi ya nyumba. Wahenga wetu hawakusoma Kant, nao walilisema jambo hilo kwa ufupi zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Sisi twaona ndani yake heshima kubwa. Anayepewa jembe ameambiwa: umekuwa mwenzetu, shamba hili lakuhusu. Mwishoni mwa Machi, katika mashamba mengi ya Wisconsin, ndiyo majira ya kugema mti uitwao mepo. Usiku huganda barafu na mchana huja joto. Shina hutobolewa, na utomvu wake mwembamba hutiririka ndooni. Huchemshwa saa nyingi, na lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja ya asali yake. Mpe kijana wa Tanga ndoo, asimame kwenye moshi pamoja nao. Yeye amewaona wagema juu ya minazi. Ajua kwamba tembo lililo tamu bado, likichemshwa, huwa asali ya tembo. Atakuwa na la kusimulia, nao watakuwa na la kuuliza. Jioni hiyo atakula bila kuhesabu.

Hata hivyo jembe lina kipimo chake, nacho ni mtoto wa nyumba. Afanyalo mtoto wa nyumba, mgeni na alifanye; asilolifanya mtoto wa nyumba, mgeni asitwishwe. Nyumba ambamo watoto wenyeji wamelala na mgeni anaosha vyombo haijampokea mtu. Imejipatia mtumishi bila ujira. Wala shukrani haiununui moyo wa mtu: mgeni aweza kukataa kwa adabu lililo kinyume cha dhamiri yake, na bado akawa mwenye shukrani.

Ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, wachache mtapeleka watoto Marekani. Lakini ni nyumba ngapi nchini mwetu zisizokuwa na mtoto wa ndugu, aliyeletwa mjini kwa shangazi au kwa mjomba, ili asome au apumzike wakati wa likizo? Twatamani watu wa ng’ambo wamtendee mwana wetu kama mtoto wao, nasi twasikitika tukisikia vingine. Basi na tuangalie sahani ya yule mtoto wa ndugu, mahali pake mezani, saa yake ya kuamka na saa yake ya kulala. Tumtazame usoni wanetu wanaponunuliwa nguo mpya. Kama ana jembe, je, wanetu nao wanayo? Na kama hana, je, anajua kwamba nyumba hii ni yake?