Vidonge Vilivyobaki

Mvuvi wa Ukerewe aliyeshikwa na homa ya mapafu apewa na tabibu dawa ya siku tano. Siku ya tatu aona nafuu. Basi vidonge vilivyobaki avifunga katika kitambaa, amwekee mtoto wake. Je, huo ni wema?

Nia yake ni njema, lakini tendo halifai, maana dawa ile haikupimwa kwa mtoto wala kwa ugonjwa wake. Tena Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa pungufu huwazoeza vijidudu hata wasife. Nao humhamia jirani. Leo matabibu wa Bugando, mjini Mwanza, wawaona vijidudu wa namna hiyo. Hivyo deni la mmoja hulipwa na mwingine.

Lakini tusihukumu upesi. Yuko aliyenunua nusu ya dozi kwa kupungukiwa fedha. Yuko aendaye ziwani usiku kuvua dagaa, akapitiwa na saa ya dawa. Kuwakaripia hakuwaponyi. Mwalimu wa kanisa na aulize kwa upole: Ni siku ngapi? Utameza saa ngapi? Fedha imetosha? Kisha watie pamoja alama ya mkaa ukutani kwa kila kidonge. Dawa ikimdhuru mgonjwa, arudi kwa tabibu; wala asiongeze siku zaidi ya alizoamriwa, maana kuzidisha nako huwazoeza vijidudu.

Kumpenda mgonjwa ni kuhesabu siku pamoja naye, hata ya mwisho.