Bandama la Nani?

Vyuo vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Sisi tuliokuja baadaye kusomea udaktari hapa Mwanza tulikuta mchanganyiko: mihadhara kadhaa kwenye simu, wodi kwa miguu. Kilio cha bando kila mtu anakijua, sikirudii. Na kusema kweli, mhadhara unaoweza kuurudisha nyuma usiku wa manane ni neema.

Kinachonisumbua ni bandama. Huku ziwani, hasa visiwani kama Ukerewe, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kwetu. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, makovu yakajengeka, damu ikakosa njia, bandama likavimba. Kwenye video, mkono wa daktari unaanzia chini kulia mwa tumbo, unapanda mshazari kuelekea mbavu za kushoto. Mgonjwa anavuta pumzi. Niliitazama mpaka nikaikariri.

Video haina aibu. Wodini, mwanafunzi wa saba anaposhika tumbo lilelile asubuhi ileile, bibi hufumba macho na kusema, "Sawa tu, mjukuu wangu." Hiyo ni ridhaa? Amevuka maji kuja kutibiwa, na huenda anaogopa kwamba akikataa atasahauliwa.

Rafiki yangu anasema basi tujifunze yote kwenye skrini, tuwaache wagonjwa wapumzike. Wagonjwa gani? Mkono usiowahi kugusa bandama utaligusa siku moja, pengine kwenye zahanati ya mbali isiyo na mkuu wa kusahihisha. Deni halijafutwa, limehamishiwa kwa mtu mwenye sauti ndogo zaidi.

Nilitarajia video ingempunguzia bibi mikono, maana tungefika tukiwa tumeshajua pa kuanzia. Imekuwa kinyume. Mihadhara ilipohamia kwenye simu, saa za wodi nazo zilibanwa, na duara kuzunguka kitanda likanenepa.

Juzi tulimsalimu mama mmoja kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha tukaomba kumpima. Akakataa. Mwenzetu akanong'ona, "Sasa tutajifunzia kwa nani?" Mama akasikia.

"Mko wangapi, wanangu?"

"Tisa, mama."

Akatutazama mmoja mmoja, akavuta kanga.

"Waje wawili."